Kikombe cha Maji Yasiyo na Chumvi

Duka la Saa, mlango wa tatu,
Nyumba Na. 9.
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu je, meno yake ya mbele yameshaota, au bado anacheka kwa kuziba mdomo? Mimi ni mzima wa mwili. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinamia saa za watu, lakini hiyo ni kazi, si ugonjwa. Ya moyoni nitayafikia taratibu, maana nikianza nayo barua hii itaishia kwenye kapu la takataka kama zile nne zilizoitangulia.

Najua umeuona mwandiko wangu kwenye kifurushi ukashangaa. Ni miezi minane sasa tangu baba azikwe, na kwa miezi yote hiyo mimi na wewe hatujasemezana. Tulikuita Chiriku kwa sababu ulikuwa hunyamazi hata ukiwa na tonge mdomoni. Aliyekunyamazisha ni mimi, tena wala sijivunii.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nafunga duka saa kumi na mbili jioni, napanda ngazi, nachemsha chai ya watu wawili, ndipo nakumbuka. Kikombe cha pili huwa nakinywa kimeshapoa. Chumba cha baba nilikifunga kwa miezi mitano, nikawa napita mbele ya mlango wake kama mtu anayedaiwa.

Nilichokifungulia kitakuchekesha. Unamkumbuka yule daktari wa meno wa ghorofa ya juu, ambaye wagonjwa wake walikuwa wakisubiri mbele ya tangi dogo la kioo lenye samaki? Amehamia mbali. Samaki aliwagawa, akabaki na kiumbe mmoja asiyetakiwa na mtu, akaniletea mimi na tangi lake. Anaitwa anemoni. Ni mnyama wa baharini, lakini ukimwona utadhani ni ua: amenata kwenye jiwe kwa mguu mmoja, na juu ana vidole vingi laini vya rangi ya chai ya maziwa. Daktari alinionya kwamba si mnyama wa mtu anayeanza kufuga. Nikamwambia mimi natengeneza saa ndogo kuliko ukucha, nitashindwa na huyu? Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kitu chochote chenye uhai humu ndani.

Nimemweka chumbani kwa baba, juu ya ile meza iliyokuwa ya dawa. Taa yake naiwasha asubuhi kabla ya kwenda dukani, naizima nikirudi. Wiki ya kwanza hakutulia. Naamka namkuta kahama jiwe, kesho yake yuko kwenye kona, siku ya tatu kanyemelea pampu inayozungusha maji. Ikabidi niifunike mdomo kwa sponji asije akakatwa. Mwishowe akachagua jiwe linalotazama kitanda, akakaa. Namlisha vipande vya kamba wa baharini kwa kile kibano changu cha kushikia skrubu za saa. Anavipokea kidole kwa kidole mpaka mdomoni, bila haraka wala asante.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kumtazama. Akakodoa macho weee, kisha akaniuliza, “Fundi, hilo ua linakula?” Nikamwambia linakula kamba. Akasema, “Basi hilo si ua, huyo ni mgeni.” Nilicheka peke yangu hata alipokwisha kuondoka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Maji ya tangi yanapungua kila siku, yanapaa kama ya chungu kisicho na kifuniko. Mimi nikawa najazia kwa maji ya chumvi, niliyoyakoroga kwa mkono wangu. Nilijiambia, si mnyama wa bahari huyu? Kipimo cha chumvi alichoniachia daktari kilikuwa kwenye droo. Niliona jicho langu linatosha.

Baada ya wiki sita alisinyaa. Vidole vikajikunja, mdomo ukabaki wazi, akawa mdogo kama kifundo cha kitambaa. Nilidhani ana njaa, nikamwongezea kamba, akawatema. Nikampigia daktari. Akaniuliza swali moja tu, “Ukijazia, unajazia maji gani?” Nikamjibu. Akasema, “Fundi, chumvi haipai. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Kila ukijaza unamwongezea chumvi juu ya chumvi. Kula chumvi nyingi ni sifa ya wazee, siyo ya huyo.”

Nikamuuliza kama niyabadilishe yote siku hiyo hiyo. Akasema nikifanya kwa pupa nitamuua kwa huruma zangu. Dawa ni kikombe kimoja: asubuhi nachota kimoja cha maji ya chumvi namwaga, natia kimoja cha maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Jioni hivyo hivyo, mpaka kipimo kirudi mahali pake. Kwa hiyo siku kumi na moja sasa ninakaa kwenye kitanda cha baba asubuhi na jioni, na kikombe mkononi, nikingoja. Na mtu akikaa kwenye kitanda cha baba yake bila kazi, atafikiri tu.

Chiriku, nilikufanyia hivyo hivyo. Siku ya msiba ulipopiga simu unalia, ukaomba kitu kimoja tu cha baba, ile saa yake, nikakujibu kwamba vitu vya marehemu ni vya waliomzika. Nikakata simu. Kisha nikamwambia shangazi kwamba ulipiga kwa ajili ya vitu. Kila mwezi uliponyamaza, nikaongeza neno jingine: amesahau kwao, amepata maisha. Kinyongo changu sikukipima hata siku moja.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki tatu kabla hajafariki, baba alinishika mkono akasema, “Usimwite mwenzio. Karatasi zake za kuishi ughaibuni hazijatoka, akitoka kule hawatamruhusu kuingia tena, na mtoto yuko shule. Mwambie nina mafua.” Nami nikakuambia ana mafua. Uliniuliza mara mbili, nikakuapia ni mafua. Halafu nikakulaumu kwa kutokuja kumwona. Nilijua ninakuonea. Nilikuwa nimemwosha peke yangu, nimemlisha peke yangu, nikataka mtu wa kumkasirikia, na wewe ulikuwa mbali kiasi cha kutosha.

Nisamehe, mdogo wangu. Baba hakukununia hata dakika moja. Jana nimekwenda kwa shangazi nikamweleza yote kama nilivyokuandikia. Akaniambia, “Wewe ni mjinga, lakini umekuja kwa miguu yako.” Halafu akalia, nami nikalia.

Mgonjwa wangu leo asubuhi amenyoosha vidole vichache vya upande wa dirishani. Sijui kama atapona. Daktari anasema nisubiri, wala nisimguse.

Shangazi anakusalimu sana, anasema umpigie hata ukiwa huna la kusema. Kinyozi naye anakusalimu, anakumbuka ulivyomkimbia na nywele nusu. Nisalimie shemeji, na mpwa wangu mwambie mjomba wake amefuga ua linalokula, atakuja kuliona. Mungu awafunike nyote kwa heri, na karatasi zako zitoke.

Sikuombi uniandikie mengi wala usahau kwa siku moja. Kikombe kimoja kinatosha.

Kaka yako akupendaye, hata pale alipokosea,

Fundi Saa

Tena: Ndani ya kifurushi hiki kuna saa ya baba. Wakati wote ule baba alikuwa akiulizwa saa anataja saa isiyo ya hapa, wateja wakinicheka kwamba fundi anashindwa na saa ya baba yake. Nimeitia betri mpya kabla ya zamani haijaisha, sikugusa kingine. Ukiivaa usiirekebishe. Inasoma saa za huko kwenu tangu siku ulipoondoka.