Mlango Uliouchonga, Baba

Shauri Moyo, Nairobi
27 Julai 1997

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Goti lako laonaje baridi hii ya Julai? Na Mama, kile kikohozi kimemwachia? Huku tunapumua. Watoto wanakwenda shule, na baba yao, Kiilu, bado anaendesha lile lori la mbao, japo mgongo unamsumbua.

Baba, uliniomba nikauone ule ukumbi wa mnada wa mjini, ambao wewe na wenzako mliuchongea mlango zamani za ukoloni, wafanyabiashara wa Kizungu walipokuwa wakiuziana ngozi na kahawa humo. Ulisema hukuwahi kupita mlango wa mbele. Kazi ilipokwisha, mlitolewa kwa uani. Basi nimekwenda, na nimeingia kwa mbele kwa niaba yako.

Mlango ungalipo. Mlinzi wa jengo, mzee mmoja aitwaye Patrobas, aliniruhusu niuguse. Maua yako yamejaa vumbi, lakini hakuna hata jani moja lililobanduka. Ndani dari liko juu mno, madirisha yana nondo za chuma, na jukwaa la mnadi bado limesimama katikati ya viti vilivyofunikwa turubai. Nilipomweleza Patrobas kwamba mlango ule ni kazi ya baba yangu, alivua kofia.

Ila siku niliichagua vibaya. Ilikuwa Jumatatu ile ya maandamano. Nilikwenda na Mirriam, jirani yangu, yule fundi cherehani aliyekushonea koti. Yeye alipita kununua uzi barabara ya pili, tukapatana atanipitia ukumbini. Haukupita muda, tukasikia mabomu ya machozi na vishindo vya watu wakikimbia. Patrobas akaufunga mlango na kusukuma komeo. Tulikaa humo saa tatu nzima, macho yakituwaka, moshi ukipenya madirishani, tusijue kama jengo litachomwa nasi tukiwa ndani. Tulipofungua, Mirriam alikuwa ameketi ngazini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjwa kwa rungu, mahali pawili.

Tangu siku hiyo namfulia, nampikia, namsuka nywele. Akina mama wa kanisa wamenisifu mbele ya watu, na Jumapili iliyopita mchungaji alinitaja katika mahubiri. Kila nikisifiwa, natazama chini. Milango yetu inatazamana, Baba. Siwezi kwenda bombani bila kupita dirishani pake, na hatuna pa kuhamia.

Watu wote nimewaambia kwamba hatukusikia kitu. Si kweli. Mirriam aligonga, akaniita kwa jina mara nne. Patrobas alikuwa ameshalishika komeo ili afungue. Ni mimi niliyemkamata mkono nikamwambia, "Usifungue. Wataingia wote." Nilijua fika ni nani anayeniita. Niliogopa tu.

Jana nilishindwa kuendelea. Nilimkuta akijaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakulia, wala hakunifukuza. Aliiweka sindano mezani.

"Nilikusikia, Nthambi," akasema. "Sauti yako naijua."

Kisha akaniambia leo niwahi, kuna blanketi mbili za kufua.

Nimezifua, na amenipokea kama kawaida. Sijui kama huo ni msamaha au ni adhabu, nami sina ujasiri wa kumwuliza. Kesho nitarudi tena.

Mama usimwambie kwanza. Moyo wake haujatulia. Msalimie sana, pamoja na shangazi Muthoki na wachongaji wenzako waliosalia. Unapoomba peke yako alfajiri, nitaje, na umtaje Mirriam kabla yangu.

Binti yako,
Nthambi