Nafasi ya Armelle

Kasulu, 2 Machi 2025

Mwanangu Ntwari,

Amani iwe kwako huko Sydney. Mgongo umepona? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Mahindi yamesimama vizuri.

Tangu mdogo wako Armelle afariki, ukamzika bila mimi kwa kukosa viza, usingizi wangu ni wa vipande. Juzi nachota maji, nikasikia mtu nyuma yangu anaimba kwa ile lugha ya Kikorea aliyokuwa akiniimbia kwenye simu. Nikageuka. Hakuna mtu. Mchungaji anasema nyimbo zile huita wafu, na ndizo zilizomwita Armelle. Choma picha za wale wasichana waimbaji alizobandika ukutani, na nguo alizochezea. Nakuomba.

Mama yako

Macquarie Fields, 19 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Mgongo una nafuu, ingawa kule ninakotunza wazee tunainua watu shifti nzima.

Nilibandua picha ukutani, nikazitia kwenye ndoo, nikashika kiberiti. Sikuweza. Nikaenda Kensington kwa wasichana aliokuwa akicheza nao, nijue kwanza nyimbo zile zinasema nini.

Kiongozi wao, Lydie, Mkongo, alinikalisha jikoni. "Kaka, Armelle hakukuambia?"

Kundi la Wakorea wanaoimba nyimbo zile linaitwa Byeolgil. Walikuwa wasichana sita, wamefunzwa pamoja miaka mingi. Mmoja akafa hawajatoa hata wimbo mmoja. Watano waliobaki hawakuziba nafasi yake. Jukwaani wanaiacha wazi, wanaizunguka. Karibu kila wimbo wanazungumza naye kama mtu aliyechelewa mazoezi: tumeanza, mlango hatujaufunga. Sikuona wanapoita wafu, Mama. Wanamsubiri mwenzao.

Lydie anasema Armelle ndiye aliyewachagulia kucheza nyimbo za kundi hilo, mwaka ule madaktari walipomwambia sikoseli, ule ugonjwa wake wa damu, imeingia kwenye mapafu. Alijua. Alikuwa akiwafundisha kucheza bila yeye. Sasa nao wanaiacha nafasi yake wazi.

Picha bado ziko kwenye ndoo. Nisamehe.

Mwanao, Ntwari

Kasulu, 11 Mei 2025

Ntwari,

Salamu. Nimesoma, nikalia, nikasoma tena. Kumbe mtoto alijua, na kila Jumapili ananichekea kwenye simu.

Usichome kitu. Nitumie video, niione hiyo nafasi.

Mama yako

Macquarie Fields, 3 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakutesa. Nimechelewa kwa aibu: nafasi yenyewe haipo tena.

Kuna mashindano Granville, na sharti lao ni wachezaji wasipungue watano, nao wamebaki wanne. Wamemchukua binti wa Kirundi, Concilie. Niligombana nao vibaya. Niliwaambia wanamkanyaga marehemu. Lydie alitoka nje akilia.

Wiki iliyopita Concilie akanifuata kituo cha treni.

"Kaka, najitoa. Kila nikikosea kuna mkono unanishika kiwiko, unakinyanyua. Nikigeuka, wenzangu wako mbali."

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Hata hapa nyumbani, sakafu ya chumba cha Armelle inagonga kwa mdundo. Nikifungua mlango, kimya.

Nimwambie nini huyu binti?

Mwanao, Ntwari

Kasulu, 30 Agosti 2025

Mwanangu,

Amani kwako. Huku vumbi limetujaa, lakini tunapumua.

Kwanza mwombe Lydie msamaha. Yule ameomboleza na wewe wakati mimi niko mbali.

Pili, Concilie asijitoe. Ulikuwa shuleni, hukuyaona haya: Armelle, miaka minne, nikitandika kitanda anakuja nyuma yangu kunyoosha pembe za shuka. Nikisuka mtu nywele, anaonyesha kidole msuko uliokwenda upande. Hata huku kwenye kambi ya wakimbizi, mlipokuwa mnaondoka na baba yenu mdogo nami jina langu halikutoka kwenye orodha ya wanaohamia Australia, alinirekebishia kola kabla hajapanda basi. Kitu kilichopinda kilimnyima raha.

Mchungaji hatafurahi. Lakini yeye hakumzaa.

Mwambie Concilie hivi: akishikwa kiwiko, anyanyue kiwiko. Asigeuke. Aseme, asante dada, aendelee kucheza.

Mama yako