Picha ya Mume Wangu Nimeifukia Ndani ya Mchele

Basi koti lenyewe lilikuwa lile jeusi la kuendea mazishini, mshauri wangu, na tai kafunga, ila chini ana suruali ya shamba na mabuti ya mpira yana matope, na amekaa juu ya kreti mbele ya ukuta mweupe wa ghala, mgongo kaunyoosha kama mtoto wa shule, nami ndiyo natoka jikoni na sinia la chai ya wageni. Huyo ni mume wangu, Tokuzo. Naomba unisaidie, nakusikilizaga kwenye redio kila asubuhi nikiosha vyombo, na jambo hili limenikaa kooni tangu mwaka jana. Kuandika sijui sana, shule niliiacha kulea wadogo zangu, anayeniandikia ni Chizuru, mke wa jirani, na nimemwambia asinitengenezee maneno.

Hao wageni walikuwa wapiga picha, watu kumi na wawili na basi lao, wanakuja kijijini kwetu kila mwezi wa kumi na moja tukishaning'iniza kaki, yale matunda makali tunayoyamenya na kuyafunga kwenye kamba barazani mpaka yakauke yawe matamu. Kiongozi wao ni Bwana Inagaki, mtu mpole lakini msumbufu, huyo, siku hiyo alinihamishia gari letu dogo la mizigo, akafunika mtungi wa gesi kwa mkeka, akataka hata antena ya televisheni ishuke, ili nyumba ionekane ya zamani, nikamwambia na mimi nikunje uso zaidi au makunyanzi haya yanatosha? Wakacheka. Halafu ananiambia, "Bibi, menya tena moja, lakini polepole, kama vile sisi hatupo." Nikamjibu, "Nikimenya polepole theluji itanikuta hapa, mwanangu, na wewe upo, umenikanyagia vitunguu." Tokuzo naye kwenye kona yake anafunga kamba, anawaambia, "Mpigeni huyo huyo, mimi nitawavunjia kioo." Alikuwa amekonda, shingo imebaki ndogo ndani ya shati, lakini siku ile alifurahi, watu walikuwa wamejaa uani kama enzi za mavuno.

Sasa lazima niseme la ugonjwa. Daktari alituita mimi na mwanangu Morihiko mwezi wa tisa, akasema ni saratani ya tumbo, imeshasambaa, akasema pia siku hizi mgonjwa huwa anaambiwa mwenyewe. Morihiko akamwinamia yule daktari mpaka kichwa kikagusa meza, akamwomba asimwambie baba yake. Mama yangu alipougua hatukumwambia, mama mkwe naye hatukumwambia, kwetu ndivyo tulivyowatunza watu wetu, mtu aondoke na moyo mwepesi. Kwa hiyo Tokuzo tulimwambia ana vidonda vya tumbo. Akasema, "Aa, vidonda." Basi.

Ndiyo hiyo siku ya picha sasa. Mchana wageni walipokuwa wanakula chakula chao uani, yeye aliingia ndani kimya kimya akatoka na koti lile. Mimi niko mlangoni na sinia, namsikia anamwambia mama mmoja wa kundi, Bi Wakatsuki, "Mama, nipige moja, kuanzia kifuani kwenda juu, chini usichukue, chini ni mkulima." Yule mama akacheka, "Ya nini mzee, unachumbia?" Akasema, "Ya kuweka juu ya jeneza langu. Kule ndani wanajifanya kwamba sijui, nami najifanya hivyo hivyo, sasa wa kumwomba picha nyumbani sina."

Mshauri, lile sinia sijui nililiweka wapi. Nilimwendea nikamwambia mbele za watu wote, "Umerukwa na akili wewe? Mtu wa vidonda vya tumbo unajiitia mkosi mbele za wageni, toka hapo, unajifanya tumbili wa maonyesho." Nikalivuta lile koti mgongoni mwake kwa nguvu, na mkono mmoja ulikwama, nikavuta tu. Wale watu wakaangalia chini. Yeye akasema, "Haya, haya, Fusae." Akaingia ndani na shati lake. Bwana Inagaki akaja kuniomba radhi, nikamfungia mlango.

Nilifanya vile kwa sababu ningemwacha apigwe ile picha, ningekuwa nimemwambia.

Tangu siku hiyo hakuitaja tena ile picha. Akawa yeye ndiye anayenipa moyo mimi, eti vidonda vikipona mwezi wa nne tutapanda mpunga wote wawili, nami naitikia, eti ndiyo, na mashine tuazime kwa kaka yako. Mwezi wa pili hospitalini, asubuhi, theluji inaanguka dirishani, akanishika kidole hiki, akauliza, "Fusae, huna neno la kuniambia?" Nikamwambia, "Kula uji, utapoa." Akaula, vijiko vitatu. Siku ya pili yake hakuamka.

Picha ya mazishi tukaikosa. Wakaikata kwenye picha ya safari ya chama cha wakulima, ya miaka kumi na minne iliyopita, bega la Bwana Kumazawa wakalifuta kwa kompyuta, wakambandika suti ya mtu mwingine, mwenyewe kafumba jicho moja hivi, ndiyo hiyo iko ukutani mpaka leo juu ya madhabahu ya nyumbani, kila asubuhi nikimwekea wali namwona mtu nisiyemjua. Na Morihiko kwenye mazishi akawaambia watu, "Angalau baba ameondoka bila kujua, mama alimlinda mpaka mwisho." Watu wakanisifu. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya ya kusifiwa.

Sasa msimu huu wa mvua imekuja bahasha kutoka kwa Bi Wakatsuki. Anaandika, Chizuru ndiye alinisomea, kwamba alibonyeza kamera mara moja kabla sijamfikia Tokuzo, na kwamba alikaa nayo muda wote huo hajui kama ana haki ya kuituma. Ndiye yeye, mshauri. Ndiye Tokuzo. Amenyoa ndevu, sikujua hata alinyoa saa ngapi. Koti, tai, macho yamekutazama. Mtu yeyote akiiona atajua huyu amekaa apigwe picha ya kifo chake, na Morihiko hana ujinga huo. Nimeiweka ndani ya pipa la mchele, nimeifukia.

Mwanangu anakuja tarehe kumi na tatu, sikukuu ya roho za wafu wetu kurudi nyumbani, ndiyo mara ya kwanza tunampokea baba yake tangu afe, taa ya kumwongozea njia nimeshanunua. Nafikiria siku ya kumsindikiza arudi, tukiwasha moto pale mlangoni, niichome na hiyo picha, yote yaishe, Morihiko abaki na raha yake. Au niitundike nimvunje moyo mtoto, ana miaka hamsini na sita lakini ni mtoto, na yeye shinikizo la damu analo, kama babu yake, yule babu naye alikuwa—

Wananiita. Ni zamu ya kufyeka njia ya makaburini na mundu wangu wanaujua ndio unaokata. Chizuru, ipeleke hivyo hivyo. Nakuja, jamani, nakuja.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fusae, pole. Pole kwa mume, na pole kwa vijiko vile vya uji.

Lakini sitakusifu kama walivyokusifu mazishini. Mzee wako aliufahamu ugonjwa wake, na mliokuwa naye nyumba moja mkamwachia abaki nao peke yake, mpaka akaenda kumwomba mgeni aliyeshuka kwenye basi. Mlifanya kwa mapenzi, naamini. Naye alikaa kimya kwa mapenzi. Mlikuwa watu wawili mnaopendana mnaodanganyana, na muda ukaisha. Hilo halirudi, na sitakuambia kwamba linarudi.

Kuichoma hiyo picha usithubutu. Ndicho kitu pekee alichoomba, na ulishamnyang'anya mara moja. Unasema unamhurumia Morihiko. Kidogo, ndiyo. Zaidi unaogopa kwamba hatakuita tena mlinzi wa baba yake. Mwanao ndiye aliyeinamia meza ya daktari, kwa hiyo mzigo huu ni wake pia, na mtu wa miaka hamsini na sita anaweza kubeba fungu lake.

Itoe kwenye mchele leo, unyevu utaiharibu. Mpigie Morihiko aje tarehe kumi na mbili, kabla ya ndugu kufika. Mpe picha mkononi, umwambie: "Baba yako alijua. Mimi nilijua kwamba anajua, nikamvua koti." Usiongeze sababu. Akikasirika, akitoka nje, mwache, usimfuate na chakula. Akirudi, ile ya suti ya kuazima ashushe yeye na hii aipandishe yeye. Bi Wakatsuki mwandikie wiki hii, umwombe radhi kwa siku ile, naye amfikishie Bwana Inagaki radhi zako kwa mlango ule.

Na jambo la mwisho, mama. Una mwana mmoja aliyefundishwa kwamba mgonjwa haambiwi. Kabla hajaondoka, mkalishe, umwambie kama, siku daktari akisema neno juu yako, unataka ulisikie au hutaki. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako, ungali mzima. La sivyo atakulinda.