Mashini ya Emmanuella Iko Kasungami

Kasungami, Lubumbashi, mwezi wa tatu 2025

Kwa Yaya wangu Katungu, dada yangu mukubwa, kule Butembo,

Yaya, pokea salamu ya ndugu yako Muhindo, muntu wa bahati kuliko bantu bote ba Lubumbashi, na ukiongeza ba Likasi sibishi. Mu mwaka huu wenye kila muntu wa Kivu analia, mimi niko na afya, niko na nyumba yenye haivuji, na kupita yote niko na Emmanuella wako chini ya paa yangu, anakula bukari, anafanya kazi ya Bazungu bila hata kuvaa viatu. Nani mwingine wa kwetu anaweza kusema vile? Mungu aliangalia chini, akauliza Muhindo iko wapi, kisha akamimina.

Na wewe, habari ya mwili? Ule muguu wenye unauma kila mvua ikikaribia, unaupaka dawa ao unaendelea kuugombeza tu? Shemeji Edmond anapata usingizi? Tunasikia kwamba Butembo imejaa bakimbizi mpaka mu makanisa, na kwamba umeingiza familia mbili mu chumba ya mahindi. Sikushangaa. Wewe tangu utoto ungelala inje ili kuku ya jirani ilale ndani. Huku tunapumua. Maharagi ya Kivu haifike tena, camion yangu ya kubebea magunia imesimama mu kiwanja kama mzee wa pensheni, na mu dépôt, stoo yangu, nauza chumvi na sabuni. Chumvi haina matata. Haiozi, na vita haiipendi.

Yaya, umeniuliza kwa telefone, ukarudia kuniuliza, ile kazi ya Emmanuella ni kazi gani hasa, na mbona yeye mwenyewe hakuitie. Neno la pili nitafika kwalo. La kwanza nitakueleza muzuri, juu siku hizi mimi ni fundi wa ile kazi. Najua masomo niliachia mwaka wa pili wa sekondari, lakini ni mwalimu wa mathématiques ndiye alishindwa na mimi, hapana mimi na yeye. Na nimetembea: Kasumbalesa, Ndola, Dar es Salaam, mpaka Dubai. Bantu ba wivu banasema Dubai nilifika aéroport tu. Aéroport ya Dubai ni Dubai.

Mashini yake ilitoka Goma na ndege ya mizigo, mbele ya vita kuingia kule. Anaclet, mwenye anabebaka mizigo yetu, ndiye aliileta mpaka ku mulango. Ilikuwa imefungwa mu kitenge yako ya manjano, ile ulimupa siku alienda chuo, na kitenge ilikuwa imefungwa na kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo, namna yako wewe ya kufunga. Tulimaliza saa nzima tukifungua, bila kutaka kukata kamba. Maagizo ya Emmanuella ilikuwa mafupi: mujomba, chomeka hapa, bonyeza hapa, kingine usiguse, na ukigusa nitajua.

Sasa sikia kazi. Ndani ya kila mashini muko kitu banaita kernel. Ndiyo inakaa katikati ya yote. Programu ikitaka kuandika kitu ku diski, inaomba kernel. Diski ikiwa na neno, inasema na kernel. Kila kitu kinapita pale, kama vile kwetu kila kitu kilipitaka kwa mama. Na kazi ya Emmanuella ni kuidanganya ile kernel. Ndiyo, Yaya. Mutoto wako banamulipa juu ya kudanganya. Mimi nimefanya ile kazi maisha yote bila mushahara.

Anatengeneza mashini ingine ndani ya mashini, yenye haina mwili, huwezi kuigusa. Ile mashini ya ndani anaipa diski yenye haiko, kadi ya network yenye haiko, bintu bya mawazo tu, na hapo bado haijakuwa kosa, makompani makubwa yote banafanya vile. Kosa analitia yeye kwa makusudi, mu maelezo. Anaandika kwamba ile diski ukubwa wake ni sifuri. Ao kwamba kadi inadai milango, penye habari zinaingilia na kutokea, mingi kupita yenye kernel inaweza kubeba. Kisha anaiwasha, anakunja mikono, anaangalia kernel itajibu nini.

Nilimuuliza inapashwa kujibu nini. Akasema kernel ya akili inakataa palepale. Inaandika argument invalide, maana yake hiki umeniambia hakisimame, kisha inaendelea na kazi yake bila hasira. Nikauliza, na ile mubaya je? Akaniambia bubaya buko bwa namna mbili. Kuko yenye inaanguka palepale, mashini yote kwisha, na hiyo haimusumbue sana, juu penye ilianguka panaonekana. Ile ingine ndiyo inamutia woga. Ile inasema ndiyo. Inapokea diski ya sifuri, inashukuru, inaendelea kutembea kama kawaida; kisha baada ya muda mrefu, mu kazi yenye haina uhusiano, inaanguka, na bantu banakwenda kutafuta sababu mahali haiko.

Pale akacheka. Akasema, mujomba, kernel ya namna ile ni wewe kabisa, kila muntu unamuambia ndiyo. Nikamujibu kwamba mimi nilimulipia minerval, pesa ya masomo, kernel haijamulipia hata kalamu. Akauliza minerval ya mwaka gani, juu ya mwaka wa mwisho nilimuahidi nikalipa ahadi tu, pesa ilitoka ku mbuzi za mama. Ulizaa ulimi, Yaya.

Basi mashini iko mu chumba ya mbele, karibu na magunia ya chumvi, na majaribio inajiendesha yenyewe, moja kisha ingine, vile aliipanga. Courant ya umeme ikienda, na huku pembeni ya muji, Annexe, courant ni mugeni wa heshima, nakwenda kutoa betri ya camion na kuunganisha na convertisseur, yenye inageuza betri kuwa umeme ya nyumba. Ndiyo kazi ya camion leo. Shalom, mama jirani yetu mwenye anapigaka fotokopi pale ku barabara, anakuja kutupa connexion, internet ya telefone yake, na kunisomea yenye imeandikwa, juu miwani yangu ni ya urembo. Argument invalide, anasoma. Argument invalide. Argument invalide. Nimependa ile neno. Kitu kinaambiwa uongo na kinasema hapana, bila kupiga kelele, kisha kinaamka kwa uongo mwingine.

Halafu siku moja kernel ilisema ndiyo. Ilikuwa kadi ya network yenye maelezo yake inadai milango sifuri. Kadi bila mulango, habari inaingilia wapi? Kernel haikuuliza. Ikapokea, ikaendelea. Shalom akanywa chai yake, akaenda, na majaribio ya diski ikaanza, na katikati ya diski, mashini ya ndani ikafa. Kama vile alisema. Ile ya inje ikaandika yote, na connexion ya Shalom iliporudi ikamutumia chef wa Emmanuella, mukubwa wake wa kazi, Clément, mwenye iko Ubelgiji.

Clément alijibu kwa furaha. Kumbe kosa ile hakuna mwenye alikuwa ameiona, na balikuwa banatafuta ku diski. Kwabo kuko desturi, Yaya: bakitengeneza dawa ya kosa, chini ya dawa banaandika jina la mwenye aliona kosa. Lile jina halifutwi. Dawa inaingia mu mashini ya dunia nzima, na jina linaifuata. Aliuliza jina liandikwe namna gani. Shalom akaandika Emmanuella Masika. Nikamuambia acheki kama Masika iko pale, juu ulimupa wewe, jina la binti wa kwanza. Iko pale.

Mu mwisho wa barua yake Clément aliuliza tena mbona Emmanuella mwenyewe hamuandikie. Akauliza sawa vile wewe unauliza.

Yaya, ikaa. Kama Shemeji Edmond iko ku shamba, mungoje afike mbele ya kuendelea.

Siku Anaclet alileta mashini nilikuitia kwa telefone nikapiga kelele kwamba Emmanuella amefika. Ulilia. Uliita jirani, na nikasikia bamama ba chorale ya kanisa banapiga vigelegele mu telefone, na nikajiona mukubwa. Emmanuella alikuwa bado Goma. Ticket yake ilikuwa ya kesho yake. Mimi nilihesabu kwamba kesho na leo ni ndugu, na nilitaka habari muzuri itoke mu kinywa yangu mbele ya kinywa ya muntu mwingine. Ile kesho vita ilifika, hakuna ndege iliruka. Akaniandikia kwamba atalala kwa rafiki yake Dorcelle, karibu na bandari, kisha atatafuta boti ya Bukavu, na kutoka Bukavu ataona. Telefone yake ililia siku mbili bila muntu kushika. Kisha ikaacha kulia. Ya Dorcelle vilevile.

Kila mara nilikuitia niko na maneno tayari. Kila mara uliniwahi, Muhindo, mutoto amekula? Na kinywa yangu inajibu: amekula, amelala, ameenda soko, iko anaoga. Ukicheka, nilicheka. Ndiyo maana leo nashika kalamu. Kalamu haikimbie.

Na ile sauti nilikutumia, yenye anasema Mama usiogope, niko muzima, ni mujomba tu ndiye ananisumbua, ni ya Noeli. Alinitumia mimi, tulikuwa tunacheza. Ziko nyingi mu telefone yangu. Yote nimekueleza hapa juu ya kernel, na matusi yote, alinieleza mu zile message, akiwa kwake Goma, unasikia na kijiko inagonga sahani. Maneno yake sikubadilisha hata moja. Nilibadilisha mahali.

Sasa kile chenye kinaniua. Bamama bengine, benye batoto babo balipotelea Goma, balitoka. Bameuliza mu kambi, bameuliza mu hospitali, bamepeleka picha kwa bandugu ba Bukavu. Wewe ulikaa. Ulifungua chumba yako kwa batoto ba bengine, juu wako alikuwa kwa Muhindo, anakula bukari. Ulinitumia mpaka baraka kwa kumutunza. Ni mimi nilikutoa mu njia ya kumutafuta, na zile siku siwezi kukurudishia.

Nilimutuma Anaclet mpaka Kalemie, penye bantu ba Bukavu na Uvira banashuka mu boti, na picha yake ya chuo. Mama moja pale alimuambia kwamba alimuona musichana wa sura hii, amejifunika kitenge ya manjano. Anaclet akaniitia palepale, na mimi nikainuka, nikapiga magoti katikati ya chumvi, nikamuimbia Mungu. Niliimba mpaka macho yangu ikafika ku mashini. Kitenge iko juu yake, Yaya. Mashini naifunikaka nayo, juu vumbi isiingie.

Siku alipeleka mashini ku ndege, Emmanuella alikuwa amevaa suruali ya jeans na sueta ya kijani ya shemeji, Anaclet aliuliza bale ba mizigo ba Goma benye balimupokea. Nywele alikuwa amesuka ndogondogo. Anza kumutafuta kwa bandugu ba Dorcelle, banaishi Butembo upande wa soko, wewe unabajua, pengine bo bamesikia. Picha ya chuo Shalom atakutumia pamoja na hizi karatasi. Shalom ninamupatia kila ukurasa nikiumaliza, anaupiga picha na kukutumia kwa WhatsApp mbele sijaandika mwingine. Nimemuambia nikimuomba arudishe, akatae.

Mashini sizimi. Clément ameambiwa ukweli jana, na ameandika kwamba jina litabaki. Kama Emmanuella ataingia leo ku mulango akute kazi yake inatembea, atanigombeza juu ya chumvi, na nitatoa magunia yote inje.

Unisalimie Shemeji Edmond, mwambie asiniitie leo, aniitie akiwa na nguvu ya kunitukana. Salimu batoto, salimu zile familia mbili, balale muzuri. Upake ule muguu dawa. Ukitaka kukaa bila kusema na mimi, kaa, ni haki yako. Lakini ukipata neno lolote, hata baya, utume muntu aniambie.

Ni mimi ndugu yako mudogo,

Muhindo

Bahati niliandika kule juu haiko. Nyumba yangu inavuja, Yaya, na Emmanuella hajalala humo hata siku moja.