Wimbo wa Jembe na Karatasi ya Katibu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na Mama hapo alipo, maana najua yuko karibu, anajifanya anachambua maharage kumbe masikio yote yako huku. Na wewe Kalunde mdogo wangu unayewasomea barua hii, hujambo? Soma polepole, usimeze maneno, na ukifika mahali pagumu usiruke. Nakujua.

Mimi ni mzima, kikohozi kile cha majira ya baridi kimeniacha. Mguu wa Baba, ule wa Burma, unasemaje na upepo huu wa kiangazi? Mama, kichwa kimepoa? Asali ya mwaka huu imepatikana au nyuki wamehama tena? Nauliza, na jibu litakuja baada ya miezi miwili, kwa hiyo najijibu mwenyewe kama mwendawazimu: mguu haujambo, kichwa kimepoa, asali imejaa madebe. Kisha nalala.

Baba, nina jambo la kukuungamia. Linamhusu Mzee Mihambo na wimbo wako wa jembe. Limenikaa kooni mwaka wa tatu sasa. Nisipolitaja hapa juu nitaogopa, nitajaza karatasi kwa habari za mashine na magari, kisha nitasingizia kuwa nafasi imekwisha. Haya, nimeshalitaja, sina pa kukimbilia. Lakini niache nianze na yaliyotokea huku Marekani, ndipo utaelewa kwa nini nalisema leo.

Msimu huu chuo kimetugawa kwa wakulima wa tumbaku tukajifunze kwa mikono. Mimi nimepangiwa kwa Bwana Walter, mtu mweusi kama sisi, wa rika lako. Ana mabani manne ya kukaushia tumbaku, mawili bado anayachochea kwa kuni. Kazi ni ile ile, kuchuma, kufunga kwenye fito, kuning'iniza na kuchungulia moto. Siku ya kwanza moshi wa bani uliponifikia nilikwenda nyuma ya ukuta nikalia, kwa sababu ilikuwa harufu ya shati lako. Mkewe, Mama Ruth, ananipenda na ananilisha. Ugali wao wanaula asubuhi, mwepesi kama uji uliosahauliwa jikoni, na juu wanaweka siagi. Nakula, nashukuru, na moyoni nalilia matobolwa ya Mama, viazi vile vya kuchemsha na kuanika. Mtu akinipa leo sahani moja ya matobolwa na karanga, nitamwachia koti langu la baridi.

Bwana Walter alipigana na Wajapani visiwani huko wakati wewe uko Burma. Nilipomweleza habari zako alisimama, akanipa mkono. "Basi baba yako na mimi tulikuwa upande mmoja," alisema. Kila asubuhi anapandisha bendera ya nchi yake barazani kabla hajanywa kahawa. Mwanawe Reymondi ni wa umri wangu, anapiga gitaa. Mwezi wa sita alipata karatasi ya kuitwa jeshini, aende Vietnamu. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na redio moja na vita viwili. Baba anageuza kitufe kutafuta nyimbo za kuwasifu askari. Mwana akipita anageuza upande wa pili, kwenye nyimbo zinazouliza vijana watarudi lini na wamekwenda kwa faida ya nani. Mama Ruth anaizima, tunakula. Nchi nzima iko hivyo, Baba. Kila wimbo una upande wake, na mtu anakujua wewe ni nani kwa ule unaoupigia mluzi.

Ikafika sikukuu yao ya uhuru. Kanisa lilichoma nguruwe uwanjani, watu wakavaa vizuri, watoto wakashika vibendera. Bwana Walter na wazee wenzake watatu, wote waliokuwa vitani, walisimama wakaimba wimbo wa askari wa wakati wao, sauti nne bila ala yoyote. Uliniingia mifupani. Nilikukumbuka wewe na nyimbo zenu za kwata, mlivyokuwa mkimsifu Mwingereza kwa Kiswahili na kumsema kwa Kinyamwezi, naye anaitikia kwa kichwa. Basi nikafanya kama ningefanya nyumbani. Niliinuka, nikatembea mbele ya watu, nikambandika Bwana Walter noti ya dola moja kwenye paji la uso. Kwa jasho lile la joto ilishika vizuri. Watu walishangaa, kisha wakacheka, naye akacheka.

Hapo Reymondi akachukua gitaa. Hakuomba ruhusa. Aliimba wimbo alioutunga mwenyewe. Baba yangu alirudi na medali, alisema, wakamwambia apite mlango wa nyuma. Mimi nikienda, niambieni kabla sijapanda meli, nitarudia mlango upi? Baba, ulikuwa wimbo! Wewe ungeupokea hapo hapo na kuuongezea ubeti. Nami, kichwa changu kimejaa ngoma, nikainuka tena, nikambandika Reymondi dola yake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Noti ilidondoka kwenye nyasi, ikabaki hapo. Bwana Walter akanigeukia, akasema, "Maganga, hebu niambie. Wewe uko upande gani?"

Nikajibu kwa majivuno, na hapo ndipo penye aibu yangu. Nilisema, "Mzee, kwetu mwimbaji anatunzwa kwa sababu ya maneno yake mazuri, hata kama yamekuchoma wewe mwenyewe. Makundi mawili ya ngoma yanasutana mchana kutwa, kisha yanakula chungu kimoja. Baba yangu ni manju, kiongozi wa ngoma, namjua."

Mama Ruth akauliza, taratibu tu, "Na baba yako amewahi kuimba wimbo ambao wakubwa hawakuupenda?"

"Amewahi," nikasema.

"Wakamfanya nini?"

"Walimtunza."

Bwana Walter akatikisa kichwa. "Ukimwandikia, mwambie ningependa kuishi katika nchi hiyo."

Nyama niliyopewa sikuila. Sasa, Baba, keti vizuri.

Unakumbuka ile sikukuu ya wakulima mlipocheza mbele ya ofisi ya kijiji. Katibu alikuwa bado mgeni, mtu wa pwani, Kinyamwezi hajui hata cha kuombea maji. Ulipoimba kwa lugha yetu "Shamba letu sote, mgongo mbona wangu? Bwana unayehesabu majembe, la kwako umeliacha wapi?" watu walicheka mpaka wakaketi chini, naye akacheka pamoja nao, akakutunza shilingi. Kwa hiyo sikumdanganya Mama Ruth kabisa. Mambo yangeishia hapo. Ni mimi, Baba. Kesho yake nilivaa sare yangu ya vijana wa chama, nikaenda ofisini, nikauandika wimbo wote kwa Kiswahili safi, kwa mwandiko huu huu uliokuwa ukiwaonyesha wageni kwa fahari. Hakunituma mtu wala hakuniuliza mtu. Nilidhani anayeipenda nchi yake hailalamikii, na kwamba baba yangu mwenyewe alikuwa anaitia nchi aibu. Nilijiona shujaa.

Siku ya tatu watu wa Katibu wakazichukua ngoma zenu, wakazifungia kwenye stoo ya mbolea. Wewe ukauliza, "Nani aliyemtafsiria?" Watu wakamtaja Mzee Mihambo, mpigaji wako wa ngoma kubwa tangu ujana wenu, kwa sababu asubuhi ile alionekana akimpelekea Katibu asali. Ulimwita msaliti mbele ya watu wote. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Ukampa mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika baiskeli yako, nikanyamaza. Mkewe alipofariki hukwenda mazikoni, ulishinda shambani unapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Nilikuona, nikanyamaza. Mwaka uliofuata Katibu alipeleka jina langu wilayani, nikapata nafasi ya kuja huku. Mlinichinjia mbuzi. Hata mbuzi yule nilimla kimya.

Sijaukana ujamaa, usidhani hivyo. Bado nataka kurudi nilime shamba la wote. Ila nimeona kwamba wimbo wako ulikuwa wa mtu anayelipenda shamba lile kuliko mimi. Asiyelijali asingehangaika kulitungia wimbo, angekwenda zake kurina asali.

Siku nne baada ya sherehe, tulipokaa kula asubuhi, kiti cha Reymondi kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda na gitaa lake, kavuka mpaka wa kaskazini kuikimbia karatasi ile, na haijulikani kama nchi itamruhusu kurudi tena. Bwana Walter bado anapandisha bendera. Hajamlaani mwanawe wala hajamtetea. Juzi tukifunga tumbaku aliniambia bila kuinua macho, "Nilikuwa na siku nne za kumwambia kwamba wimbo wake ni mzuri. Nikazitumia kumweleza habari za kuchuma majani ya chini ya tumbaku." Kisha akaendelea kufunga. Mimi ufito wangu niliufunga vibaya, ikabidi nirudie.

Ndiyo maana naandika. Nakutamani, Baba. Natamani kusikia ukikohoa nje kabla hujaita watu waamke. Natamani sauti yako, na sauti yako niliizima mwenyewe, kwa sababu tangu siku ile hujaimba hata kwenye pombe. Unaweza kunikasirikia, ni haki yako. Unaweza kumwambia Kalunde aandike kwamba huna mtoto wa jina langu, nitaisoma barua hiyo na nitarudi hivyo hivyo, nipige magoti. Lakini usiningoje mimi ndipo upatane na mwenzako. Nimebakiza mwaka mzima huku, na ninyi wote wawili si vijana. Mzee Mihambo amebeba mzigo wangu mpaka kwenye kaburi la mkewe. Mtue.

Mama, nisamehe kwa kukuharibia siku. Kalunde, karatasi hii usimfiche Baba hata akikuambia inatosha. Nisalimieni shangazi wa Bukene, mwambieni shuka lake ndilo ninalojifunika. Msalimieni mjomba fundi cherehani wa mjini, suruali aliyonishonea imewashangaza Wamarekani. Nisalimieni shemeji na watoto wote, na mwalimu aliyenifundisha kuandika, ingawa leo sijui kama atafurahi.

Mzee Mihambo simtumii salamu kwa karatasi. Salamu yangu kwake ni wewe, Baba, ukisimama mlangoni kwake na kupiga hodi.

Ni mimi mwanao, niliyeuandika wimbo wako,
Maganga