Pistole ambayo tantine yako alikataa

Mupwa wangu Trésor,

Hapa Saint-Gilles, huku kwa wazungu, hakuna muntu anayejua silaha kunipita, hata polisi wananiuliza. Tantine yako, bibi yangu wa ndoa, ni muzima, anakusalimia.

Unauliza pistole gani ya zamani ununue, ya kulinda nyumba na kulenga shabaha. Mimi nilichagua ya chuma tupu, nzito, ya risasi kumi na tatu. Halafu nilipoomba kibali, polisi akaniambia lazima bibi yangu akubali kwanza! Mimi, mwanaume wa Lubumbashi, niombe ruhusa ndani ya nyumba yangu!

Tantine akamujibu, "Huyu? Jamais, monsieur! Hapana kabisa!"

Mpaka leo niko na kasirani.

Bon, na wewe umuulize bibi yako. Maana juma ile ile baba yake tantine alikuja kututembelea, akafungua mulango na ufunguo wake, nami, kwa kukosa pistole, nikamurushia sufuria ya bugali nikipiga kelele, "Mwizi!"

Tonton wako,
Dieudonné