Sashe ishirini za ng'ambo nisiyovuka

Jumamosi, Kolwezi. Mvua imekatika tangu asubuhi, njia yote ni tope jekundu, na mimi sijatoka nje hata kununua mkate. Nimekaa kitandani na simu mkononi. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Niseme tu. Nilidanganya.

Kazi yangu ni kukusanya majani ya mianzi ya porini. Nayakata, nayatia kwenye sashe, kifuko kidogo chenye chembe za kukaushia, naandika namba na mahali, nayapeleka maabara. Huko wanasoma vinasaba, waone kama mianzi ya msitu ni ya koo nyingi au ni mmea mmoja tu uliotambaa chini kwa chini na kuchomoza kila mahali. Ndiyo maana sharti ni moja: ukikata jani hapa, tembea hatua hamsini kabla ya kukata lingine.

Mwezi uliopita nilipelekwa kwenye msitu wa kando ya kijito kimoja kinachoingia Lualaba, upande wa Nzilo. Aliyeniongoza ni Tata Mulonda, msuka vikapu, aliyeteuliwa na chifu wa kijiji. Kwetu kiongozi wa njia hutia sahihi kwenye karatasi, kushuhudia mahali majani yalipokatwa.

Upande wa kwanza tulifanya vizuri. Kisha tukafika majini. Kijito kilikuwa kimefura, kinavuma, na mimi kuogelea sijui. Tata akaenda kutafuta pa kuvukia. Aliporudi nilikuwa nimeshajaza sashe ishirini kutoka kichaka kimoja nilichoegemea, na kwenye karatasi nimeandika: ng'ambo ya pili.

Alitia sahihi bila kuuliza. Nilijiambia hajui kusoma. Aibu iliyoje, kuandika sentensi hiyo.

Jana majibu yalitoka. Ng'ambo ya pili yote, ati, ni mmea mmoja. Itakosaje, na majani yote ni ya kichaka kimoja! Na ng'ambo hiyo ndiyo kampuni ya mgodi inayoitaka, imwage mabaki yake. Shefu wangu kazini amefurahi: watachimbua vipande vichache vya mizizi, wavipande kwingine, na hakuna kitakachopotea. Barua ya kuikubalia kampuni inaondoka Jumatatu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu imenifikisha kwenye ukuta. Nikinyamaza, mianzi ambayo hakuna aliyeipima itafukiwa, na kijiji kizima kinachosuka kwa mianzi hiyo kitabaki mikono mitupu. Nikisema, kontra yangu ya kazi imekwisha, na nyumbani ni mimi tu mwenye kazi. Hilo ningelimeza. Lakini sahihi ni ya Tata. Kijijini watasema ndiye aliyewauza.

Nimezunguka chumba hiki mpaka nimekichukia.

Saa kumi nikampigia Tata. Nilimweleza yote, mpaka lile la kudhani hasomi.

«Mama, mi najua kusoma,» akasema. «Nilisoma. Nikaona unatetemeka, nikasema ni majani tu, atafukuzwa bure mutoto wa batu. Sikujua iko ya kukata musitu. Andikia shefu yako. Na jina yangu weka, usinifiche.»

Nililia. Nilitaka anitukane.

Nikaandika. Nilichokifanya, kichaka kilipo, kwamba ng'ambo ya pili haijapimwa na barua isitoke. Jina langu kwanza, lake chini, kama alivyotaka. Mara tatu nililifuta lake, mara tatu nikalirudisha.

Shefu amesoma. Hajajibu.

Nilidhani nikisema kweli nitapumua. Bado sijapumua. Mtu alinihurumia kwa dakika moja, pale kando ya maji, na Jumatatu atasimama mbele ya chifu wake aeleze kwa nini alitia sahihi. Mimi nitakuwa wapi?